Hodi ndani ya kompyuta

Nilipokuwa kijana nilimsaidia mjomba wangu kuhesabu mauzo ya duka kila jioni. Nikiwa katikati ya hesabu, mteja hupiga hodi akitaka kibiriti. Nikirudi, nimesahau nilipofika. Mjomba akanifundisha kuandika hesabu kwenye karatasi kabla ya kuinuka. Hata hivyo, siku moja fedha zilipungua. Namba nilikuwa nimeiandika, lakini nilipotafuta chenji nilichanganya sarafu zilizokwisha kuhesabiwa na zile ambazo bado.

Kisa hicho hunijia kila ninapomfikiria Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1930. Katika miaka ya 1950 alikuwa akiandika programu mjini Amsterdam, kwa ajili ya kompyuta zilizoundwa na wenzake Bram Loopstra na Carel Scholten. Wakati ule kompyuta ikitaka kuandika jambo kwa taipureta, ilibidi isubiri. Mashine yenye uwezo wa kufanya maelfu ya hesabu ilikaa bure ikingoja herufi moja igongwe.

Kwa mashine yao mpya, iliyoitwa X1, Loopstra na Scholten walileta wazo jingine: kompyuta iendelee na hesabu zake, na kifaa kikimaliza kazi kipige hodi. Hapo kompyuta isimamishe ilichokuwa ikifanya, iweke alama ilipofikia, ihudumie kifaa, kisha irudi palepale. Hodi hiyo ndiyo tunayoiita katizo.

Dijkstra aliingiwa na hofu. Hadi siku hiyo, programu yenye kosa ilirudia kosa lilelile kila ilipoendeshwa, na fundi akalitafuta mpaka akalipata. Lakini hodi haina saa. Kosa likitokea leo kwa sababu taipureta ilimaliza kazi wakati fulani hasa, kesho huenda lisionekane. Utalikamata vipi?

Alisitasita kwa miezi kadhaa, hata wenzake wakambembeleza akakubali. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: je, kila kitu kinachohifadhiwa wakati wa katizo kinaweza kurudishwa kama kilivyokuwa? Akathibitisha kwamba hapana, mpango wao ulikuwa na tundu. Wakaurekebisha kabla mashine haijaundwa. Programu aliyoiandika kwa ajili ya kuhudumia hodi hizo ndiyo iliyompatia shahada ya udaktari mwaka 1959.

Ndugu wasikilizaji, hata leo ukigusa kitufe cha kompyuta, hodi hupigwa ndani yake. Programu inayoendesha kifaa hicho huitikia upesi, ikachukua kilicho cha haraka, na kazi nzito ikaiacha kwa baadaye. Anayefungua mlango hakai kibarazani kupiga soga, maana wengine nao wanangoja.

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi naona woga wa Dijkstra haukuwa wa kukimbia kazi. Alijua kosa lisiloweza kurudiwa haliwezi kutafutwa likishaingia, kwa hiyo lizuiwe mlangoni. Laiti mimi ningeogopa hivyo kabla ya kuinuka kwenye zile sarafu za mjomba.