Tulipu Zilizouzwa Zikiwa Ardhini

Wazimu wa tulipu uliowakumba Waholanzi katika miaka ya 1630 husimuliwa siku zote kama kisa cha tamaa. Charles Mackay, mwandishi wa Uskoti, aliupa nafasi ya heshima katika kitabu chake cha mwaka 1841 kuhusu upumbavu wa makundi ya watu, na tangu hapo kila bei inapopanda bila msingi, iwe ya nyumba au ya hisa, tulipu hutajwa kuwa somo. Tamaa ilikuwapo, hakuna anayebisha. Lakini tamaa ipo kila mwaka na kila mji, nayo haituelezi kwa nini bei zilipaa katika miezi ileile ya baridi ya mwisho wa 1636 na mwanzo wa 1637. Jibu liko bustanini. Kazi ya kupanda inayofanywa majani yanapopukutika, yaani Oktoba na Novemba, ndiyo iliyoiondoa bidhaa machoni pa watu na kuwaachia karatasi za ahadi mikononi.

Tulipu ilifika Ulaya Magharibi kutoka dola ya Osmani, na asili yake ni nyanda za Asia ya Kati zenye baridi kali. Tunguu lake, lenye umbo la kitunguu maji, halitoi ua la maana mpaka lipitie wiki kadhaa za baridi likiwa ndani ya udongo. Ndiyo maana haliwezi kuachiwa hewa yetu ya Tanga au Mombasa peke yake. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alipofika Leiden mwaka 1593 alipanda matunguu yake kabla ya baridi, na maua yakaonekana 1594. Utaratibu wake haujabadilika tangu hapo. Shimo huchimbwa kina kama mara tatu ya urefu wa tunguu, ncha hutazama juu, na udongo uwe wa kichanga usiotuamisha maji, kama ule ulio nyuma ya vilima vya mchanga karibu na Haarlem, kwa sababu tunguu likikaa majini huoza. Maua huja Aprili na Mei. Majani yakikauka, mwezi Juni, tunguu hung'olewa, hupanguswa udongo, huanikwa kivulini na kupimwa uzito, kisha hungoja kupandwa tena. Kwa hiyo muuzaji ana miezi mitatu minne tu ya kumkabidhi mnunuzi mali yake mkononi.

Mwanzoni biashara ilifuata kalenda hiyo: watu walilipana kiangazi, mali ikiwa mezani. Kufikia 1636 wachuuzi walikuwa wakiuziana mwaka mzima katika vilabu vya pombe, na baada ya upandaji wa mwaka huo kilichobaki kuuzwa kilikuwa mkataba: jina la tulipu, shamba ilimo, na uzito wa tunguu siku lilipopandwa. Uzito huo ulihesabiwa kwa aas, kipimo cha wafua dhahabu, ambapo aas ishirini hivi hufanya gramu moja. Tunguu lilikuwa likikua gizani, hivyo kila mnunuzi aliahidi kulipia pia uzito asioweza kuuona. Tulipu za mistari, zilizopendwa kuliko zote, zilikuwa kitendawili zaidi. Rangi zao zilipasuliwa na virusi wanaosambazwa na vidukari, jambo lililothibitishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 tu. Katikati ya baridi nani angefukua bustani kuhakiki madai ya muuzaji? Kufukua kungeharibu mali yenyewe.

Mpinzani atasema kila zao lina msimu wake, na mazao mengine huuzwa yakiwa shambani bila wazimu wowote. Ni kweli. Huko Kagera kahawa imeuzwa kwa butura, yaani kuuzwa ingali maua, na bei haipandi, huporomoka. Lakini anayenunua butura anaona mti, na anayeuza anasukumwa na shida; nguvu yote iko kwa mwenye fedha. Haarlem hakukuwa na cha kuona, na mnunuzi hakutakiwa kulipa mpaka tunguu ling'olewe Juni, hivyo aliweza kumuuzia mwingine ahadi asiyoilipia. Mwanahistoria Anne Goldgar, katika utafiti wake uliochapishwa 2007, ametoa hoja nyingine: karibu hakuna aliyefilisika kwa ajili ya tulipu. Hoja hiyo inakubaliana na ushahidi wa bustani. Minada ilipokosa wanunuzi Haarlem mwanzoni mwa Februari 1637, matunguu yalikuwa bado yamefukiwa, na fedha nyingi zilizotajwa vilabuni hazikuwa zimetoka mfukoni mwa mtu. Hata mnada maarufu wa Alkmaar wa tarehe 5 Februari, uliofikia gilda 90,000 hivi kwa ajili ya mayatima wa mwenye matunguu, Wouter Winkel, uliuza mali iliyokuwa ardhini.

Wakulima wenyewe walijua mstari ulipopita. Wajumbe wao walipokutana Amsterdam tarehe 23 Februari 1637, walipendekeza mikataba iliyofungwa kabla ya 30 Novemba 1636 itimizwe, na ya baada ya hapo mnunuzi aweze kujitoa kwa kulipa asilimia 10. Tarehe waliyoichagua ni ile ambayo kazi ya kupanda huwa imekwisha. Serikali haikukubali pendekezo lao, na mwaka 1638 Haarlem ikaruhusu madeni yamalizwe kwa asilimia 3.5 ya bei. Anayetaka kujikinga na wazimu wa aina hii asiishie kuwahubiria watu juu ya tamaa. Aulize kwanza mali iko wapi, nani ameiona, na fedha zitalipwa lini.