Usafi wa Mji wa Nairobi: Sheria ya Nchi na Nguvu za Baraza



Katika taarifa hii ya mwaka twahesabu mapato, matumizi na mazishi tuliyoyachangia. Baadhi ya mazishi hayo yalikuwa ya watoto wachanga waliokufa kwa kuharisha. Kwa sababu hiyo imetupasa kukumbuka habari ya vyoo na mifereji ya mji huu, ijapokuwa si habari ya kupendeza.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali penye kinamasi, na mji ukakua kabla ya mifereji yake. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika Bazaar ya Wahindi, nao wakuu wakaitia moto. Moto uliteketeza vibanda, lakini haukuchimba mfereji hata mmoja, na tauni ikarudi baadaye. Mwaka 1913 aliletwa Profesa W. J. Simpson kuchunguza afya ya miji, naye akashauri watu watengwe mitaa kwa rangi zao. Basi usafi ukafanywa hoja ya kuwatenga watu, badala ya kuwa huduma ya wote.

Nairobi ilipata baraza la manispaa mwaka 1919, na nchi ikapata Sheria ya Afya mwaka 1921. Mtu angedhani kwamba sasa yote yametimia. Lakini katika Pumwani, mtaa uliotengwa kwa Waafrika miaka hiyo hiyo, watu walijijengea nyumba wenyewe, na vyoo na maji vikawa vya kushirikiana. Wenyeji wa mtaa hawakuwa na mjumbe wao barazani wakati huo. Bwana Afya aliweza kumshtaki mwenye choo kibovu, lakini hati ya mashtaka haijengi choo kingine. Sheria ilikuwa na macho, haikuwa na mikono.

Mwaka 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji. Baada ya Uhuru wa 1963 watu walimiminika kutafuta kazi, na vijiji vya mabanda vikaenea pasipo mabomba. Mwaka 1983 baraza la wajumbe waliochaguliwa lilivunjwa, na jiji likatawaliwa na tume hata mwaka 1992. Sheria ya mwaka 1998 ndiyo iliyoyatengea mabaraza ya Kenya asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi.

Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imetaja usafi wa kiwango cha kuridhisha kuwa haki ya kila mtu, na tangu mwaka 2013 serikali za kaunti ndizo zenye wajibu wa huduma za maji na usafi. Hata hivyo, Kibera na Mathare jamaa nyingi bado zashirikiana choo kimoja.

Historia hii yatufundisha kwamba amri ya nchi pasipo fedha, mafundi na wajumbe wa mji ni karatasi tu. Na baraza lisilo na sheria ya kulitegemeza huchoka upesi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo, ndugu, makadirio ya kaunti yakijadiliwa hadharani, twendeni tukaulize: ni shilingi ngapi zimewekwa kwa mifereji? Nani atazoa mashimo yaliyojaa, na uchafu utapelekwa wapi? Maswali hayo yana heshima sawa na mchango wa sanda, na huenda yakaupunguza.