Basi Lililojaa: Historia Fupi ya Kusimama Dar es Salaam

Mwishoni mwa muhula uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili aliingia katika chumba cha mtihani akiwa amechelewa kwa dakika 40. Kanuni zinaruhusu 30. Nilikuwa msimamizi siku ile, nami sikuwa na la kufanya isipokuwa kumtoa nje na kuandika taarifa. Alieleza kwamba alifika kituoni kabla jua halijachomoza, kwamba mabasi matatu yalipita yakiwa yamejaa hadi milangoni, na kwamba la nne alilipanda kwa kusukumwa na waliokuwa nyuma yake. Mwenzangu mmoja, mtu mwema kabisa, alitikisa kichwa akasema: "Angeamka mapema zaidi."

Jibu hilo lina umri mkubwa kuliko mwanafunzi yule. Kwa zaidi ya miaka 40 abiria wa Dar es Salaam ameambiwa kwamba msongamano ni suala la tabia: abiria hawapangi mstari, makonda hawana adabu, madereva hawana nidhamu, watu wamekuwa wengi mno. Mimi ni mwanafunzi wa historia, na nikiifuata historia ya usafiri wa jiji hili naona kitu kingine. Naona hesabu ya mabasi, na naona watu wanaoifanya hesabu hiyo wakiwa mbali na kituo.

Hadi mwaka 1970 mabasi ya jiji yalikuwa ya Dar es Salaam Motor Transport, maarufu kwa jina la DMT, kampuni iliyomilikiwa na Waingereza. Mwaka huo, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, kampuni hiyo ilitaifishwa. Mwaka 1974 ikagawanywa: Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ikakabidhiwa jiji, na KAMATA ikakabidhiwa safari za mikoani. Fikra iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo haikuwa ya kipuuzi, ingawa siku hizi ni mtindo kuicheka. Mfanyakazi wa kiwanda cha Urafiki pale Ubungo alistahili kufika kazini kwa nauli inayolingana na mshahara wake, na serikali ikashika nauli chini kwa makusudi.

Tatizo ni kwamba nauli ilishikwa chini bila mtu kujibu swali la nani atalipa tofauti. Basi lilinunuliwa kwa fedha za kigeni, vipuri vyake hali kadhalika, na dizeli vivyo hivyo. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Katikati hapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978. Wakati huo huo jiji lilikuwa linafurika: sensa ya 1967 ilikuta watu wapatao 356,000 katika mkoa mzima, na ile ya 1978 ikakuta zaidi ya 840,000. Wazee wetu wanaoyakumbuka yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, waliyoyaita kumbakumba, huyasimulia kwa mapenzi, lakini ukiwauliza zaidi watakueleza pia juu ya magari yaliyolala karakana yakisubiri vipuri na juu ya saa nzima kituoni.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami ningependa tulitazame kwa utulivu. UDA iliposhindwa kubeba watu, mashirika ya umma hayakukaa kuidai serikali mabasi zaidi kwa ajili ya jiji. Yalinunua mabasi yao yenyewe ya kubeba wafanyakazi wao. Mhasibu wa shirika, karani wake na bosi wao wakaacha kusubiri UDA. Kwao tatizo lilikuwa limekwisha. Waliobaki kituoni ni mama anayewahi sokoni Kariakoo, mwanafunzi, kibarua, na mgonjwa anayekwenda Muhimbili. Wale ambao malalamiko yao yangesikika walikuwa wameshaondoka kwenye mstari, na mstari wenyewe haukupungua hata kidogo.

Pengo hilo liliingiwa na watu binafsi, kwanza kwa kificho. Pikapu, malori madogo na magari ya kila namna yalibeba abiria kinyume cha sheria, yakikwepa askari. Kisha likaja agizo la mwaka 1983, ambalo kwangu ni mojawapo ya matukio ya ajabu katika historia ya kijamii ya nchi hii. Mwaka huo ndio serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka huo ndio Bunge lilipitisha sheria ya Nguvu Kazi, ambayo chini yake kijana asiye na kazi inayotambulika mjini aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini. Na mwaka huo huo serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam chini ya mwavuli wa UDA. Mkono mmoja ulikuwa unamsaka mlanguzi na mzururaji, na mkono wa pili ulikuwa unamwandikia kibali cha kupeleka watu kazini. Kijana aliyening'inia mlangoni akiita abiria alikuwa, kwa tafsiri ya sheria moja, mtu wa kuondolewa mjini, na kwa mujibu wa ruhusa nyingine, mtu ambaye bila yeye ofisi zisingefunguliwa.

Magari hayo yakaitwa daladala. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina lilitokana na nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala. Baadhi yalikuwa malori yaliyowekewa mabenchi mawili ya kutazamana, nayo yakabatizwa chai maharage, kwa kuwa mlikaa kama wateja katika mgahawa wa asubuhi. Bajeti ya 1984 ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, mlango ulifunguka, na baadaye yakaja mabasi madogo yaliyotumika Japani, vikiwemo vile vipanya tunavyovifahamu sote. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likalegeza masharti ya uongozi, na mtumishi wa umma akaweza kumiliki daladala bila kujificha. Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mmesomeshwa na daladala ya baba. Hakuna aibu. Ila tukubaliane kwamba kuanzia hapo baadhi ya wanaopanga usafiri wa jiji walikuwa pia na maslahi barabarani.

Je, msongamano ulipungua? Kwa kiasi fulani, ndiyo, na ni haki kusema hivyo. Magari yaliongezeka na vituo vya pembezoni vikafikiwa. Lakini msongamano ulibadilika sura. Chini ya UDA gari lilijaa kwa sababu lilikuwa moja. Chini ya daladala gari lilijaa kwa sababu lilipaswa kujaa. Mwenye gari hakuajiri dereva. Alimkabidhi gari na kudai hesabu kila jioni, kiasi kilichopangwa na mwenye gari, iwe mvua iwe jua. Mafuta na faini za askari vilikuwa juu ya dereva na konda, na kilichobaki baada ya hapo ndicho kilikuwa mshahara wao. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyewafuatilia watu hawa kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu mwaka 2017, ameonesha jinsi wengi wao walivyofanya kazi bila mkataba wa maandishi na kwa saa nyingi mno.

Ukishaielewa hesabu, yote tunayoyaita utovu wa nidhamu yanaeleweka. Gari linasubiri kituoni hadi lijae, kwa kuwa safari tupu inalipwa na dereva. Linakatisha ruti, kwa kuwa kipande cha mwisho hakina abiria wa kutosha kulipia mafuta. Linakimbia, kwa kuwa safari moja ya ziada ndiyo ugali wa nyumbani. Na konda anamkataa mwanafunzi, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi iliwekwa chini na serikali, na hakuna aliyemfidia konda tofauti ile. Nilisoma sekondari hapa jijini miaka ya 1990, na nilijifunza kuficha shati la shule chini ya fulana ili nisitambulike mapema. Siku moja konda aliniteremsha katikati ya njia, kwenye matope, mbele ya abiria waliotazama pembeni. Nilimchukia kwa muda mrefu. Ni baadaye, nikiwa na shahada ya pili, ndipo nilipotambua kwamba nauli nafuu ya mwanafunzi ilikuwa sera ya taifa iliyokuwa inagharimiwa na kijana mwenye umri unaokaribiana na wangu, ambaye huenda yeye mwenyewe hakumaliza shule.

Abiria naye alitunga mbinu zake. Mbinu ninayoipenda zaidi ni kugeuza: unapanda gari linaloelekea usikokwenda, unalipa nauli, unafika nalo mwisho wa ruti na kurudi nalo ukiwa umekaa. Yaani mtu analipa nauli mbili na kutumia muda mara mbili ili apate kiti kimoja. Mchumi akitaka kujua thamani ya kiti Dar es Salaam, aanzie hapo.

Madereva walijaribu kuuelezea umma mfumo huu. Chama chao cha UWAMADAR kilidai mikataba ya ajira kwa miaka mingi. Mwezi Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchini, na habari kubwa ikawa ni sharti la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni. Suala la mikataba, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokuwa mzizi, lilipata nafasi ndogo katika mazungumzo ya umma.

Ndipo tunapofika kwenye mwendokasi. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, uliundwa mwaka 2007, na huduma ikaanza Mei 2016 katika njia ya takribani kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani. Nilipanda wiki ya kwanza. Safari iliyokuwa inakula saa mbili ilikwisha kwa muda usiofika saa moja, na sikuwa peke yangu niliyeshuka nikitabasamu kama mtoto. Anayeibeza siku ile hakuwahi kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro.

Lakini tuitazame hesabu. Huduma ilianza kama ya mpito, ikiwa na mabasi 140, wakati mpango kamili ulikuwa wa mabasi zaidi ya 300. Daladala zilizokuwa zikipita katika njia hiyo ziliondolewa au kuhamishiwa ruti nyingine. Karakana ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, bonde ambalo mvua za masika hulidai kila zinapokuwa kubwa; maji yaliingia karakana, mabasi yakaharibika, na siku ambazo barabara ya Jangwani ilifungwa huduma ilisimama. Mwaka 2016 mabasi 140 yalikuwa kidogo. Sensa ya 2012 ilikuwa imehesabu watu milioni 4.36 mkoani, ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.38.

Linganisheni 1983 na 2016. Mwaka 1983 serikali ilikubali, kwa shingo upande, kile ambacho tayari kilikuwa kinabeba watu, na ikakiongeza juu ya kilichokuwepo. Mwaka 2016 ilifanya kinyume: ilikiondoa kilichokuwa kinabeba watu kabla kipya hakijafikia nusu ya idadi iliyokusudiwa. Sisemi daladala zilikuwa bora, maana nimeshaeleza zilivyoendeshwa. Ninachosema ni kwamba abiria aliyeachwa nje ya mlango wa mwendokasi pale Kimara saa 12 asubuhi hakuwa tena na pa kugeukia, na hilo liliamuliwa kwenye karatasi, na watu wenye magari na madereva wa kuwapeleka ofisini.

Wanaharakati huniuliza wadai nini. Nauli imekuwa dai lao la kawaida, na nauli ni muhimu, lakini mimi ningeanza na namba mbili ambazo abiria hajawahi kuhesabiwa kuwa na haki ya kuzidai: mabasi mangapi yametoka karakana asubuhi ya leo, na mangapi yaliahidiwa. Zibandikwe kila kituo, kila siku. Na ruti ya zamani isifutwe hadi namba ya kwanza iwe imelingana na ya pili kwa miezi kadhaa mfululizo. Watumishi wa umma mnaoandaa nyaraka hizi mnajua kwamba namba hizo zipo mezani kwenu. Hazihitaji mfadhili wala mshauri mwelekezi.

Mwanafunzi wangu atafanya mtihani maalumu mwezi Septemba. Katika fomu ya taarifa, kwenye nafasi ya sababu, niliandika kwamba mabasi yalijaa. Fomu ikarudishwa kwangu na maelezo kuwa sababu hiyo haimo katika orodha inayokubalika, nikaiandika tena vilevile. Yeye hakusubiri majibu. Ameshahamia kwa rafiki yake hosteli, wanabebana kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, jambo ambalo nalo ni kinyume cha kanuni, na tangu hapo hajachelewa kipindi hata kimoja.