Nani alileta mazingira kwenye darasa la uhasibu?

Najua wengi mmezama kwenye madesa, na wenzangu wa uhasibu ndio usiseme, debiti na krediti mpaka ndotoni. Leo tupige historia kidogo, maana kuna mada moja watu huiruka wakidhani ni ya kujazia silabasi tu: uhasibu wa mazingira. Hivi imetoka wapi?

Tuanzie mbali. Mwaka 1494 mtawa Luca Pacioli alichapisha kule Venice kitabu cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila muamala mara mbili. Mpaka leo tunatumia mtindo huohuo. Ila una sheria moja ya kimyakimya: kisicholipiwa hakiandikwi. Kiwanda kikichafua mto na kisitozwe chochote, kwenye leja hakuna kilichotokea!

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 80. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa chini ya Gro Harlem Brundtland ilitoa ripoti iliyolifanya neno "maendeleo endelevu" lijulikane kila kona. Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ikapasuka huko Alaska na kumwaga mafuta yapatayo lita milioni 40. Mwaka huohuo, Uingereza, mchumi David Pearce na wenzake wakatoa ripoti wakisema mazingira yapewe thamani kwenye mahesabu ya uchumi.

Hapo ndipo anaingia mtu wetu, Rob Gray. Huyu jamaa alikuwa mhasibu kamili, si mwanaharakati wa mabango. Mwaka 1990 aliandika kitabu akiiuliza fani yake: baada ya Pearce, wahasibu tunafanya nini? Mwaka 1991 akaanzisha kituo cha utafiti wa uhasibu wa jamii na mazingira katika Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland. Kikawakutanisha walimu na watafiti kutoka nchi mbalimbali, na baadaye kikahamia Glasgow, kisha St Andrews. Gray alifariki mwaka 2020, lakini wapo wahadhiri wengi waliopitia mikononi mwake.

Sasa mtasema, ya Scotland yanatuhusu nini? Haya, chukueni Kihansi. Bwawa lile lilianza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 90, uwezo wake megawati 180. Mali kubwa, kwenye mizania inakaa vizuri na uchakavu wake unakokotolewa kila mwaka. Lakini maji yalipochepushwa, maporomoko yaliyokuwa yakiwarushia ukungu vyura wadogo wasiopatikana kwingine duniani yalipungua sana. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani ili kizazi kisipotee. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Umeme tunauhitaji, sibishi. Ninachouliza ni hiki: hasara ile ungeiandika kwenye akaunti gani?

Turudi kwenye historia. Novemba 2021, mjini Glasgow, ilitangazwa bodi mpya ya kimataifa ya viwango vya taarifa za uendelevu. Juni 2023 ikatoa viwango viwili, IFRS S1 na S2, vya kuanza kutumika kuanzia Januari 1, 2024. Ushindi? Nusu tu. Viwango hivi vimeandikwa kwa ajili ya mwekezaji. Vinauliza ukame au mafuriko yatagusaje pesa za kampuni. Swali la Gray lilikuwa limegeuzwa upande wa pili: kampuni inaufanyia nini mto, na watu wanaokunywa maji yake?

Kwa hiyo wadau, mada hii ikiingia darasani kama viwango vya kukariri ili tusipate sapu, tutajua kulinda hela za mwenye hisa na basi. Chura wa Kihansi ataendelea kukosa akaunti. Mimi naona tufundishwe pande zote mbili, tena tangu mwaka wa kwanza, kabla kichwa hakijazoea kwamba kisicho na risiti hakipo.

Ni hayo tu kwa leo. Nyie mnasemaje? Wa sheria na uchumi pia mnakaribishwa, msituachie sisi wa leja peke yetu.