Tuvinjari Mweru

Anayepanga kuwazungusha wageni kwenye visiwa vya Ziwa Mweru, akianzia Nchelenge, hukwama kwenye neno la kwanza: aiite nini safari hiyo? Wengi huandika "utalii wa meli". Meli gani? Mwambao wote ule ni mitumbwi na boti za injini. "Safari" peke yake nayo imeshachoshwa na mbuga. Mgeni akiisikia anaona gari la wazi na simba.

Kumbe tunalo kuvinjari. Kamusi za zamani hulieleza kuwa ni kwenda huku na huku baharini kwa chombo, macho yakiwa kazini, kama manowari ya doria. Siku hizi anayevinjari ni mwenye simu, na programu yake ndiyo kivinjari. Simnyang'anyi. Ila neno lililozaliwa majini lina haki ya kurudi majini: safari ya kuvinjari, chombo cha kuvinjaria. Anayezunguka aweza kusinzia. Anayevinjari anatazama, na mpenda ndege amelipia kutazama.

Chombo chenyewe? Ng'ambo ya ziwa, upande wa Katanga, Kiswahili chao kina bwato. Wabemba husema ubwato. Ngalawa tuwaachie wa Bahari ya Hindi.

Kwenye Kilwa mpangaji awe macho. Kuna Kilwa kisiwa, cha Zambia, na Kilwa mji, ufukweni mwa Congo. Ratiba ikisema "usiku wa pili, Kilwa", mgeni hajui kama afungashe pasipoti. (Na Kilwa Kisiwani ya Tanzania inangoja kumchanganya zaidi.) Wanyarwanda huita kisiwa ikirwa; ikiwa majina haya ni ndugu, Kisiwa cha Kilwa ni kisiwa cha kisiwa, tena ndani ya Ziwa Mweru, ambalo katika lugha kadhaa za Kibantu ni ziwa ziwa! Marudio hayo nayapenda, yabaki. Kwenye ratiba tu tuandike Kilwa-ziwani na Kilwa-mjini.

"Visiwa vya mbali" silitaki. Mbali na nani? Mvuvi aliyejenga kule yuko kwake. Visiwa vya ndani latosha: linapima kutoka ufukweni, si kutoka uwanja wa ndege.

"Wanyamapori" nalo lina pori ndani yake, ilhali kiboko na mamba wa Mweru wanashinda majini. Ukisema "viumbe wa majini", kuna watakaoshika hirizi. Viumbe wa ziwani, basi.

Wanaoendelea juu ya mto Luapula hadi vinamasi vya Bangweulu humfuata ndege ambaye orodha humwita korongo-nyangumi, jina lililofuata la kisayansi, Balaeniceps, kichwa cha nyangumi. Nani kule kamwona nyangumi? Mdomo ule ni kiatu, tena cha mti. Korongo-kiatu linafaa, domokiatu linatamkika kwa raha zaidi, nami nalipigia kura.