Mtoto Aliyelia Madina: Historia ya Posho ya Mama na Mwana



Msaada wowote wa serikali kwa mama mwenye mtoto mchanga una mambo mawili ndani yake: kinachotolewa, na sharti la kukipata. Mara nyingi tunakitazama kinachotolewa tu. Leo nataka tulitazame sharti, maana sharti ndilo linaloingia mpaka chumbani kwa mzazi, likaamua mtoto anyonye au aachishwe.

Tuanze Madina. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa khalifa kuanzia mwaka 634 hadi 644 miladia. Zama zake mali ya Baitul Mal iliongezeka sana, akaanzisha Diwani, yaani daftari la wanaostahiki posho na kiasi cha kila mmoja. Watoto nao waliandikwa, lakini kwa sharti kwamba mtoto awe ameshaachishwa ziwa. Ukilitazama juu juu, sharti lina maana. Anayenyonya hali chakula, posho ya nini?

Ibn Saad, mwanahistoria wa karne ya tatu Hijria, amepokea kisa hiki. Msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina ukatua penye uwanja wa kusalia. Umar akamwomba Abdulrahman bin Auf (R.A.) wakaulinde pamoja usiku ule. Akasikia mtoto analia, akamwendea mama yake na kumwambia amche Mwenyezi Mungu, amtazame mwanawe. Akarudi mahali pake, kilio kikaanza tena. Mwisho wa usiku alimwendea tena akamuuliza kwa nini mtoto hatulii. Yule mama hakumjua anayesema naye. Akajibu kwamba anamwachisha ziwa na mtoto anakataa, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa aliyekwishaachishwa. Na mtoto mwenyewe alikuwa wa miezi tu.

Alfajiri ile Umar alisalisha watu, wasiweze kukisikia vizuri kisomo chake kwa kulia. Alipotoa salamu akajilaumu mbele yao kwa ajili ya watoto waliodhurika. Kisha mnadi akatangaza: watu wasifanye haraka kuwaachisha watoto wao, kwani kila anayezaliwa ana posho yake. Amri ikaandikwa na kupelekwa pande zote za dola.

Tumfikirie yule mama. Hakuwa mkatili. Alikuwa na shida, akafanya lile ambalo daftari lilimtaka afanye.

Sasa tuvuke bahari na karne kumi na tatu, twende Marekani, maana kule jambo hili lilijirudia kwa sura nyingine. Miaka ya 1960, ndani ya nchi tajiri vile, kulikuwa na watoto wenye utapiamlo. Huko Mound Bayou, jimbo la Mississippi, Dk. Jack Geiger na wenzake katika kituo cha afya walianza kuwaandikia wagonjwa chakula kwenye cheti cha dawa. Chakula kikachukuliwa dukani, na bili ikalipwa kwa fungu la dawa la kituo. Wakubwa walipohoji, Geiger aliwajibu kwamba dawa ya utapiamlo ni chakula.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha mpango wa majaribio uliopiganiwa na Seneta Hubert Humphrey. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Pineville, Kentucky, Januari 1974, na mwaka 1975 mpango ukawa wa kudumu. Unajulikana kama WIC, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya wanawake, watoto wachanga na watoto. Wajawazito, wazazi na watoto chini ya miaka 5 wenye kipato kidogo walipewa hati za kuchukulia maziwa, mayai, jibini na nafaka dukani. Upungufu wa damu kwa watoto ukapungua.

Lakini mpango uleule ulitoa maziwa ya kopo bure kwa mtoto asiyenyonya, na kopo ni ghali. Mama aliyechukua makopo aliona anaondoka na kitu cha thamani kubwa kuliko mwenzake anayenyonyesha. Wanyonyeshaji kwenye mpango wakawa wachache kuliko kina mama walio nje yake. Ziko sababu nyingine pia, kama kurudi kazini mapema, lakini fungu lilivyopangwa halikusaidia. Mwaka 1992 anayenyonyesha bila kuchukua makopo aliongezewa chakula chake mwenyewe: jibini zaidi, maharage, karoti, hata jodari wa kopo. Mwaka 2009 mafungu yalipangwa upya, yakaongezwa matunda na mboga.

Qur'ani ilikwishatuonesha njia hii. Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na papo hapo ikamwekea baba wajibu wa chakula na nguo za mama. Ukitaka mtoto anyonye, mlishe anayemnyonyesha.

Kwetu Unguja na Pemba, kaya maskini zilizo kwenye mpango wa TASAF zina sharti la kuwapeleka watoto wadogo kliniki. Sharti hili linamvuta mama kwenye mizani na chanjo, na hilo ni jema. Hata hivyo kila sharti liulizwe swali la Madina: linamfanya mama afanye nini usiku, akiwa peke yake na mwanawe?

Na tusiiachie serikali peke yake. Sisi wenye vyerehani tunawalipa mafundi wetu kwa nguo. Mzazi asiyeshona halipwi, basi anarudi mbio, na mtoto anabaki kwa bibi na chupa. Hilo nalo ni sharti, ingawa hatukuliandika popote. Tunaweza kumpa kazi ya mkono akaifanye nyumbani, kupinda na kutia vifungo, au kumwacha aje na mwanawe na apate nafasi ya kumnyonyesha bila kununiwa.

Mwenyezi Mungu awatie nguvu wazazi wetu na awakuze watoto wetu kwa afya na imani. Amin.