Bafle nzuri kupita zote: kwa nini watu wanaitafuta toka miaka 100 na hawajaipata

Kuna watu, wengi wao katika Ulaya, Marekani na Japani, wanaotumia pesa nyingi na miaka mingi kutafuta kitu kimoja tu: bafle ya nyumbani yenye kutoa sauti sawa vile mwimbaji mwenyewe angekuwa amesimama ndani ya saloni. Hapa tutawaita wapenzi wa sauti safi. Wananunua, wanauza, wanapima, wanabishana, kisha wanaanza tena.

Mtu wa kwetu anaweza kusema huo ni mchezo wa matajiri. Lakini mambo waliyogundua yanatuhusu. Familia nyingi za Kivu, Ituri na Maniema zinapata habari kwa njia ya redio: barabara gani imefungwa, chanjo inatolewa wapi, soko limefunguliwa ao bado. Neno moja likisikika vibaya, habari yote inageuka. Tena pesa ya kununua bafle ni pesa ya jasho, na wauzaji wanajua namna ya kuvuta macho ya mnunuzi. Kwa hiyo tunaeleza hapa bafle inafanya kazi namna gani, kwa nini hakuna iliyo kamili, na nini cha kuangalia mbele ya kutoa pesa.

Bafle inafanya kazi namna gani?

Umeme unatoka kwenye ampli na kupita ndani ya waya mwembamba ulioviringwa. Waya huo umekaa katikati ya sumaku na umefungwa kwenye koni ya karatasi ao ya plastiki. Umeme ukibadilika, waya unasukumwa mbele na nyuma, koni inaufuata, na hewa iliyo mbele ya koni inatikisika. Mtikisiko huo ndio sauti. Chester Rice na Edward Kellogg, wa kampuni ya General Electric kule Marekani, walieleza mtambo huu mwaka wa 1925. Mpaka leo bafle nyingi za dunia, hata ile ndogo ya telefone, zinafuata njia hiyohiyo.

Ugumu ni kwamba sikio la mtu kijana linasikia kuanzia mitikisiko 20 kwa sekunde (hezi 20) mpaka karibu 20.000. Besi inaomba koni kubwa yenye kusukuma hewa nyingi. Sauti nyembamba, kama ile ya toazi za ngoma ao ya herufi «s», inaomba kitu kidogo na chepesi. Koni moja haiwezi kufanya kazi zote mbili vizuri. Ndiyo sababu bafle nyingi ziko na koni mbili ao tatu, na ndani kuna filtri yenye kugawa kazi kati yao.

Na sanduku ni la nini? Koni inapoenda mbele inasukuma hewa, na upande wa nyuma inaivuta. Bila sanduku, hewa ya mbele na ya nyuma zinakutana na besi inakufa. Kila fundi anajua hili: koni nzima, ukiijaribu mezani bila sanduku, inalia kama bati.

Watu tatu, njia tatu

Mwaka wa 1946, huko Arkansas, Marekani, Paul Klipsch alianza kuuza bafle inayoitwa Klipschorn. Ni sanduku kubwa kupita mita moja kwa kimo, lililojengwa sawa vile tarumbeta iliyokunjwa, na inawekwa kwenye kona kusudi kuta za nyumba zisaidie kutoa besi. Nguvu kidogo sana ya ampli inatosha kujaza nyumba sauti. Lakini inaomba kona nzuri na nafasi kubwa.

Mwaka wa 1954 Edgar Villchur, akiwa pamoja na Henry Kloss, alitoa AR-1. Yeye alifunga sanduku kabisa, hewa isitoke, na akaacha hewa ya ndani iwe kama resori yenye kurudisha koni. Kwa njia hiyo besi nzito ilitoka ndani ya sanduku dogo la kuweka kwenye etajeri, jambo ambalo mbele yake liliomba kabati nzima. Kampuni yake ilionyesha hata mbele ya watu: wanamuziki wanapiga vyombo vyao, kisha wanaendelea kujifanya wanapiga huku bafle ndiyo inatoa sauti, na wasikilizaji wengi hawakuweza kujua ni wakati gani mabadiliko yalifanyika. Lakini AR-1 ilikula nguvu nyingi ya ampli.

Mwaka wa 1957, Uingereza, Peter Walker wa kampuni ya Quad aliacha koni kabisa. Alitumia karatasi nyembamba ya plastiki, nyepesi sana, iliyotandwa kati ya bamba mbili zenye matundu na zenye umeme wa volti maelfu. Sauti ya mtu ikitoka humo inasikika ya kweli mpaka leo watu wanaisifu. Lakini haina besi nyingi, na ukizidisha sauti inaweza kuharibika.

Kila mmoja alipata kitu na kupoteza kingine. Haikuwa juu ya kukosa akili.

Mambo tatu, chagua mbili

Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH kule Marekani, ndiye jina lake limebaki kwenye kanuni ambayo watengenezaji wanaiita «ya chuma». Inasema hivi: kila mtu anataka bafle yenye besi nzito, yenye sanduku dogo, na yenye kutoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Mambo hayo tatu hayakai pamoja. Unapata mbili, ya tatu unaiacha.

Klipsch aliacha udogo. Villchur aliacha umeme kidogo. Bafle zile ndogo za kubeba mkononi zinazouzwa sokoni, zenye besi ya kushangaza, nazo zinalipa: zinamaliza batri haraka, ao besi yao inapotea ukizidisha sauti.

Kwa mtu anayetumia paneli ya jua na batri, hesabu hii ni ya kila siku. Nguvu ya bafle inapimwa kwa desibeli: unaipa wati 1, unasikiliza kwenye mita 1. Bafle ya desibeli 93 ikilinganishwa na ile ya desibeli 83, tofauti ni desibeli 10 tu kwenye karatasi. Lakini kusudi ile ya 83 ifikie sauti sawa na ya 93, inaomba umeme mara 10. Kama batri yako ni ndogo, sanduku kubwa kidogo lenye kutoa sauti kwa umeme mdogo linaweza kukufaa kuliko lile dogo lenye besi.

Bafle iliyotengenezwa na watu wa redio

Kati ya bafle ambazo wapenzi wa sauti safi wanazitafuta sana, moja ilizaliwa ndani ya redio. Katikati ya miaka ya 1970, BBC ya Uingereza ilikuwa na shida: mafundi waliokwenda kufanya emisio inje ya studio walifanya kazi ndani ya gari, na bafle za studio hazikuingia. Idara yao ya utafiti ikatengeneza LS3/5A, sanduku la urefu wa santimeta 30 hivi, na ndani hewa karibu litri 5 tu, sawa na bidoni ndogo ya mafuta ya kupikia.

Watu wa BBC walichagua waziwazi cha kuacha. Waliacha besi ya chini kabisa, na waliacha sauti kubwa. Waliilinda sauti ya mtu anayesema. Njia moja ya BBC ya kupima bafle ilikuwa kulinganisha sauti ya mtu wanayemjua, akiwa anasema studioni, na sauti yake ileile ikitoka kwenye bafle. Wimbo unaweza kukudanganya, lakini sauti ya mwenzako wa kazi unaijua.

Hata sanduku lenyewe lilishangaza. Watengenezaji wengi wanapenda mbao nene. BBC ilitumia tripleksi nyembamba iliyopakwa ndani vipande vizito kama vya lami, kusudi mbao isilie yenyewe pale sauti ya mtu inapokaa. BBC iliruhusu kampuni kadhaa kuitengeneza na kuiuza, kama vile Rogers na Spendor. Dudley Harwood, mmoja wa mafundi wakubwa wa idara hiyo, alifungua kampuni yake mwaka wa 1977 na kuiita Harbeth, jina lililounganisha lake na la mke wake Elizabeth. Leo zile LS3/5A za zamani zinanunuliwa kwa bei kali, hata kama zilikuwa chombo cha kazi tu.

Macho yanadanganya masikio

Kama ladha ni ya kila mtu, basi kutafuta bafle nzuri ni kupoteza wakati? Mtu aliyejibu swali hili ni Floyd Toole, mtafiti wa baraza la taifa la utafiti la Kanada, kule Ottawa. Aliweka bafle nyuma ya pazia, akalinganisha ukubwa wa sauti, kisha akaomba watu watoe pointi bila kujua wanasikiliza nini. Matokeo aliyotangaza miaka ya 1980 yalikuwa wazi: watu wasipoona bafle, wanakubaliana kuliko mtu angedhani. Wengi wanapenda bafle isiyoongeza wala kupunguza upande wowote wa sauti, na yenye kutoa sauti ya namna moja kwa aliyekaa mbele na kwa aliyekaa pembeni.

Mwaka wa 1994, Toole na mwenzake Sean Olive, wakiwa sasa kwenye kampuni ya Harman, walijaribu bafle nne na watu 40 waliokuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo. Mara bila kuona, mara wakiona. Walipoona, pointi zilibadilika: bafle kubwa za kupendeza zilipanda, na moja ndogo ya bei ndogo, iliyokuwa imepata pointi nzuri gizani, ilishuka. Sauti haikubadilika hata kidogo. Mwaka wa 2003 Olive alirudia na watu 268, wengine waliofundishwa kusikiliza na wengine hapana. Waliofundishwa walikuwa wakali zaidi na hawakugeukageuka, lakini makundi yote yalipenda karibu bafle zilezile.

Maana yake sikio lako, hata kama hukusoma mambo ya sauti, linafaa. Lisaidie tu lisisumbuliwe na macho.

Nusu ya bafle ni chumba

Mawimbi ya besi ni marefu. Kwa hezi 43, wimbi moja lina urefu wa karibu mita 8. Ndani ya chumba cha mita 4, wimbi hilo linarudi kati ya kuta mbili na kujiongeza. Na waya mnene wa gitaa ya besi, ukiachwa wazi, unalia karibu na hapo, hezi 41. Ndiyo sababu katika saloni ya simenti rumba inavuma «buuu» kwenye noti moja na kufunika maneno, hata kama bafle ni ya bei. Katika nyumba za mbao, kama ziko nyingi Goma, mbao zinatikisika na kuacha besi itoke inje. Huko besi inapungua ndani, lakini jirani anaipata yote.

Bafle ikiwekwa kwenye kona, besi inaongezeka. Ukiisogeza mbali na ukuta, inapungua. Kwa sauti nyembamba, kuta tupu na saruji ya chini vinarudisha mwangwi. Mazulia, rido nzito, fotei za kitambaa, hata matela iliyosimamishwa ukutani, vinaupunguza. Kazi hiyo haiombi pesa, na mara nyingi inasaidia kuliko kubadilisha ampli.

Mbele ya kununua

- Usiamini namba kubwa ya wati iliyoandikwa mbele, hasa ikifuatwa na herufi PMPO. Angalia kibandiko cha nyuma. Kama chombo kinakula wati 60, hakiwezi kutoa wati 1.000 bila kupumzika. Herufi RMS ndizo zenye kukaribia ukweli.
- Njoo na sauti unayoijua: rekodi mtu wa nyumbani kwa telefone akisoma majina na namba, kisha isikilize hapo dukani. Kama «s» na «f» zinachanganyika, ao kama baba anasikika sawa vile yuko ndani ya pipa, acha.
- Ukilinganisha bafle mbili, ziweke kwenye sauti sawa. Ile inayolia kwa nguvu zaidi inaonekana nzuri, na wauzaji wanalijua hilo.
- Geuza uso ao funika bafle kwa kikwembe chepesi, na mtu mwingine azibadilishe bila kukuambia.
- Sogea pembeni. Kama sauti inafifia sana ukitoka mbele yake, familia nzima haitafaidika.
- Nyumbani, koni ndogo ya sauti nyembamba ikae kwenye kimo cha masikio ya aliyekaa. Usiiweke chini nyuma ya kiti.

Wapenzi wa sauti safi wataendelea kutafuta, na kila mwaka kutatoka bafle inayoitwa ya mwisho. Kwa nyumba yako inatosha kujua kwanza unataka nini: kucheza kwenye sikukuu, kusikiliza kwaya, ao kusikia habari bila kukosa neno. Kama ni habari, fanya sawa BBC: chagua sauti ya mtu, na uache besi kwa wenye ampli kubwa.